Kinyama Kilichotolewa na Jibu Lililobaki Kabatini

Chupa zilikuwa tatu, za plastiki, kila moja ndogo kuliko kikombe cha kahawa, na dawa iliyokuwa ndani yake ilikuwa na harufu kali iliyoniwasha macho hata nikiwa bado na usingizi wa sindano. Sista alizipanga kwenye trei ya chuma, akabandika karatasi yenye jina langu kwenye kila chupa, akaongeza herufi A, B na C, kisha akanisomea kwa sauti majina yangu yote matatu ili nithibitishe kuwa yameandikwa sawasawa. Katika chupa C kilikuwamo kitu chekundu chenye umbo la uyoga, kichwa chake kikubwa kama punje ya harage na kishina kifupi chini yake. Hicho ndicho kinyama kilichokatwa ndani ya utumbo wangu mpana, kilichokuwa kikinimaliza damu kidogo kidogo kwa muda ambao hakuna anayeweza kuukadiria. Nilikitazama, nikamshukuru Mungu, nikajua kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, na ndiyo sababu ninaandika. Wengi ninaozungumza nao hapa Moshi, kazini, kanisani na hata ndani ya ukoo wetu, wanaamini kama nilivyoamini mimi siku ile: kinyama kikishatolewa, mgonjwa amepona, arudi nyumbani akaendelee na shughuli zake. Sasa ninajua kwamba kukitoa ni nusu ya tiba, na nusu ya pili imo katika karatasi ya maabara inayokuja wiki kadhaa baadaye, ambayo wagonjwa wengi hawaifuati, na wakati mwingine hakuna anayewaambia waifuate. Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari, si daktari. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoelezwa na walionitibu na yale niliyoyasoma kwa makini baada ya kuona jinsi nilivyokaribia kuyakosa.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu neno hilo lilinipotezea karibu mwaka mzima. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mtu akisema ameota kinyama sehemu ya haja kubwa, kila mmoja anaelewa kuwa ana bawasiri. Kwa hiyo nilipoona damu chooni kwa mara ya kwanza, na mama mmoja ninayemheshimu sana akaniambia, "Mwanangu, hicho ni kinyama tu, kina dawa yake," sikuwa na sababu ya kumpinga. Nilipaka marhamu niliyonunua duka la dawa, nikanywa mizizi iliyochemshwa, nikakalia maji ya vuguvugu. Damu ilikata, ikarudi, ikakata tena. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba karibu na njia ya haja kubwa. Kinyama kinachoota ndani ya utumbo mpana, ambacho madaktari hukiita polipu, ni kitu kingine kabisa: ni sehemu ya utando wa ndani wa utumbo iliyoanza kukua kupita kiasi, na inaweza kuwa mbali sana na pale ambapo marhamu yoyote yanafika, kwa maana utumbo huo una urefu wa takribani mita moja na nusu. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na polipu kwa wakati mmoja. Hakuna jirani, wala muuza dawa, wala mganga anayeweza kuvitofautisha kwa kusikiliza maelezo ya damu peke yake, na polipu nyingi hazitoi damu inayoonekana wala maumivu yoyote.

Kilichoniokoa si damu ya chooni, ni mchele. Nilianza kutafuna mchele mbichi, hamu ambayo huweza kumpata mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma. Nilikuwa nikiuweka kwenye droo ya meza ofisini, ndani ya bahasha, na ninapopiga mahesabu ya ada ninachota punje chache na kuzitafuna, na nisipozipata siku nzima inakuwa nzito. Wakati huohuo ngazi za kwenda ghorofa ya pili zikaanza kunishinda. Kwenye kituo cha afya walinipima wingi wa damu, ikawa 8.1, yaani pungufu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda, nikaacha vidonge, ikashuka. Ikawa hivyo mara mbili. Daktari wa tatu, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alisoma daftari langu lote ukurasa kwa ukurasa kisha akaniuliza, "Mama, hedhi yako ilikoma ukiwa na miaka 48, sivyo? Sasa hii damu inakwenda wapi?"

Swali hilo lilipaswa kuulizwa mwaka mmoja kabla. Mwanamke aliyekoma hedhi, au mwanamume wa umri wowote, anapopungukiwa na madini ya chuma bila sababu inayoeleweka, vidonge peke yake havitoshi, kwa kuwa mara nyingi damu inavuja polepole mahali fulani kati ya koo na njia ya haja kubwa, na mahali hapo panatakiwa patafutwe. Alinielekeza hospitali kubwa nikapigwe kamera zote mbili, ya juu inayopita mdomoni hadi tumboni, na ya chini inayopanda kupitia njia ya haja kubwa.

Wanaoogopa kipimo cha chini huogopa aibu na maumivu. Kwa uzoefu wangu, kazi kubwa ni ya maandalizi. Kwa siku tatu niliacha maharage, karanga, mapera, na mboga za majani, pamoja na mnafu ambao nyumbani kwangu haukosekani, nikala wali mweupe, mayai na samaki. Vidonge vya chuma nilikuwa nimeviacha wiki moja kabla, kwa sababu hufanya choo kiwe cheusi na kuganda kwenye kuta. Siku ya mwisho nilikunywa chai ya rangi na supu ya kuku iliyochujwa, na nilikatazwa juisi ya choya au kinywaji chochote chekundu, kisije kikadhaniwa kuwa damu. Kisha ikaja dawa yenyewe ya kusafisha tumbo, lita nne, mbili jioni na mbili alfajiri. Hiyo ya alfajiri ndiyo watu wanayoiruka, kwa kuona kwamba tumbo limeshakwisha kusafishika, na wanakosea sana. Zipo polipu zilizo bapa, zenye rangi ileile ya ukuta wa utumbo, nyingine zimefunikwa na ute mwembamba, na uchafu mdogo tu unatosha kuzificha. Anayepimwa akiwa na tumbo lisilo safi anaweza kutoka na karatasi inayosema hana tatizo, akaamini, wakati kilichopaswa kuonekana kiko palepale.

Nililazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, nikachomwa sindano ya kulegeza. Daktari aliipeleka kamera mpaka mwisho wa utumbo mpana, mahali ambapo tundu la kidole tumbo huonekana, na ndipo akaanza kurudi polepole. Baadaye nilijifunza kwamba utafutaji wenyewe hufanyika hasa wakati wa kurudi, na kwamba inashauriwa kurudi huko kusichukue chini ya dakika 6. Wakati ule niliona tu kwenye skrini njia yenye rangi ya waridi inayong'aa, yenye mikunjo kama shingo ya gauni la kitenge lililovutwa uzi, na kila mkunjo unafunuliwa, unaoshwa kwa maji, unatazamwa nyuma yake.

Kinyama cha kwanza alikikuta katikati ya utumbo, milimita 6, kimekaa bila shina. Alipitisha kitanzi chembamba cha waya, akakizungushia, akakikaza, kikakatika, na damu kidogo ikatoka na kukoma yenyewe. Hakutumia umeme. Vinyama vidogo chini ya milimita 10 sasa hukatwa hivyo kwa waya baridi, kwa kuwa umeme huunguza tabaka za ndani na huongeza uwezekano wa damu kuja kutoka siku kadhaa baadaye mgonjwa akiwa yuko nyumbani. Cha pili kilikuwa karibu na njia ya haja kubwa, milimita 3 tu, cheupe kidogo, na nacho alikiondoa kwa namna hiyohiyo. Cha tatu ndicho kile cha umbo la uyoga, milimita 18, kwenye kona ya chini kushoto ambako utumbo hujipinda kama herufi S. Hapo alisimama, akaongea na sista kwa sauti ya chini, akabadilisha vifaa. Ndani ya shina hupita mshipa wa damu unaolisha kichwa, na shina la kwangu lilikuwa nene, hivyo kwanza alichoma adrenalini iliyozimuliwa ili mshipa unywee. Niliona kichwa chekundu kikibadilika rangi mbele ya macho yangu, kikawa cha zambarau, kisha kikafifia. Ndipo akapitisha kitanzi kwenye shina, akapeleka umeme kidogo, ukaonekana moshi mwembamba, na kikaanguka. Sikuhisi chochote. Utando wa ndani wa utumbo hauna hisia ya kukatwa. Kinachouma ni utumbo kujaa hewa au kuvutwa.

Huwa ninawaza jinsi jambo hili lilivyo jipya. Kabla ya mwaka 1969, kinyama kilichokuwa juu kuliko bomba gumu la sentimita 25 linavyoweza kufika kilimlazimu mgonjwa kupasuliwa tumbo. Mwaka huo, katika hospitali ya Beth Israel jijini New York, William Wolff na Hiromi Shinya, daktari mzaliwa wa Japani, walianza kuvikata vinyama hivyo kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kamera inayopinda. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo, huko Kibosho. Mtu wa umri wake aliyekuwa na kinyama kama changu alikuwa na njia mbili tu, kisu au kusubiri.

Kitanda cha jirani alikuwapo mzee kutoka Rombo ambaye kinyama chake kilikuwa bapa, kipana, zaidi ya sentimita 2. Chake hakikuweza kukamatwa mara moja. Ilibidi kwanza kuchoma maji ya dawa chini yake ili kiinuke kama lengelenge na kutengana na msuli wa utumbo, kisha kikatwe vipande vipande. Aliambiwa arudi baada ya miezi 6. Mzee akashangaa na kuniuliza mimi, kwa heshima, kama daktari amekosea: kama kimetolewa chote, anarudi kufanya nini? Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ni kwamba kinyama kilichokatwa vipande kinaweza kuacha masalia madogo kwenye kingo, na masalia hayo huota upya, kwa hiyo kovu lenyewe ndilo linalokwenda kukaguliwa. Natamani mtu angemweleza hivyo kabla hajapanda gari.

Upande wa juu, kamera ya tumbo ilikuta vinyama vingine vinne au vitano vidogo, laini, vinavyong'aa, na daktari alichukua sampuli akaviacha mahali pake. Hilo lilinisumbua sana mpaka nilipoelezwa. Nimekunywa vidonge vya omeprazoli kwa miaka mingi kwa ajili ya kiungulia, nikivinunua mwenyewe kama ninavyonunua chumvi, na dawa hizo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kusababisha vinyama vya aina hiyo kwenye sehemu ya juu ya tumbo. Kwa kawaida havigeuki saratani. Vipo vya aina nyingine vinavyoambatana na bakteria wa vidonda vya tumbo, ambavyo mara nyingi husinyaa bakteria akitibiwa, na vipo vichache vya aina ya adenoma, yaani vile vinavyoweza kugeuka saratani, ambavyo ni lazima viondolewe. Kwa macho ya kamera peke yake daktari anaweza kukisia, lakini anayethibitisha ni maabara. Aliniambia pia nisiache omeprazoli kwa hofu, nije tuzungumze kwanza kama bado ninaihitaji.

Aliniuliza na jambo moja ambalo sikulitegemea: kama nimewahi kuishi au kulima maeneo ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, ambako maji ya mifereji hubeba kichocho. Kichocho cha tumbo kikikaa mwilini muda mrefu kinaweza kuotesha vinyama kwenye utumbo mpana, na tiba yake ni nyingine, ni dawa ya kichocho kwanza. Ninalitaja kwa ajili ya wasomaji wa upande huo wa tambarare. Ukienda kupimwa, mwambie daktari ulikokulia.

Sasa nifike penye uchungu wangu. Siku ile niliruhusiwa na maelekezo mazuri: nisisafiri mbali na hospitali kwa wiki mbili, nisinyanyue mizigo mizito, nirudi mara moja nikiona damu nyingi, homa au tumbo kuuma sana na kukaza, kwa sababu damu inaweza kutoka hata baada ya wiki nzima, na mara chache sana utumbo huweza kutoboka. Nilipouliza habari ya chupa, mtu wa mapokezi aliniambia, "Mama, ukiona kimya, ujue mambo ni mazuri." Niliondoka na maneno hayo, nikayaamini, nikawarudishia hata ndugu zangu waliponiuliza.

Zilipita wiki kumi. Siku moja nikiwa ninafunga hesabu za muhula, nilikuta malipo ambayo hayakuwa na stakabadhi, na mimi sifungi hesabu bila stakabadhi, hata kama ni ya shilingi elfu mbili. Nikasimama nikiwa na kalamu mkononi. Kitu kimekatwa kutoka ndani ya mwili wangu, kimetiwa kwenye chupa, kimepelekwa, na mimi sina karatasi hata moja inayosema kilikuwa nini. Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda. Nilitumwa madirisha manne. Katika dirisha la mwisho, binti mmoja mwenye huruma aliacha alichokuwa akifanya, akafungua kabati la chuma, akapekua bahasha moja moja, akaitoa yangu. Tarehe iliyogongwa juu yake ilionyesha kuwa jibu lilikuwa tayari tangu wiki ya tatu. Lilikuwa limekaa humo wiki saba, na bahasha nyingine nyingi zilikuwa zimebaki chini yake.

Sitaji hospitali, na simlaumu binti yule wala mtu mmoja yeyote. Ninajua pia kwamba kazi ya kutengeneza jibu hilo si ndogo. Kinyama hulazwa kwenye formalini kisioze, hukaushwa, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, na mwisho mwanapatholojia hukaa na hadubini akasoma kila kipande. Na wanapatholojia katika nchi yetu ni wachache. Kwa sababu hiyohiyo inaniuma zaidi kwamba kazi ya watu wote hao iliishia kabatini. Kimya hakikuwa na maana ya kwamba mambo ni mazuri. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna aliyefungua bahasha.

Karatasi ilisema hivi, kwa maneno ambayo daktari alinifafanulia. Kile cha milimita 3 karibu na njia ya haja kubwa kilikuwa cha aina isiyo na hatari, na kama kingekuwa peke yake ningeambiwa niende na amani. Cha milimita 6 kilikuwa adenoma ya kawaida, ile ambayo seli zake zimeanza kupoteza mpangilio lakini kwa kiwango cha chini. Cha tatu kilikuwa adenoma yenye vijinywele, aina ambayo huelekea saratani kwa urahisi zaidi kuliko ya kawaida, nayo pia kwa kiwango cha chini, na sehemu iliyokatwa ya shina ilikuwa safi. Hapakuwa na saratani. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, si kwa hofu, kwa sababu nilielewa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimebeba nini.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anifuate kwa makini, kwa kuwa tiba yote inageukia hapa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama adenoma na huchukua miaka mingi, aghalabu 10 au zaidi, kufikia kuwa saratani, na adenoma nyingi haziifikii kamwe. Huo ni muda mrefu wa neema. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 1,418 waliotolewa adenoma zao na kufuatiliwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kuwa saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na ilivyotarajiwa. Saratani hii ni ya tatu kwa wingi duniani, na kwa mwaka 2022 peke yake ilikadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 1.9. Lakini aliyeota adenoma mara moja ana utumbo unaoweza kuota nyingine, na swali la atazamwe tena lini hujibiwa na mambo manne: zilikuwa ngapi, kubwa kiasi gani, za aina gani, na seli zake zilikuwa zimeharibika kiasi gani. Mawili ya mwanzo huonekana kwenye kamera. Mawili ya mwisho yamo ndani ya bahasha.

Angalia basi tofauti yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema mtu mwenye adenoma moja au mbili za kawaida chini ya milimita 10 arudi baada ya miaka 7 hadi 10, na wa Ulaya wa mwaka huohuo haumtaki hata afuatiliwe kwa namna ya pekee. Mwenye adenoma ya milimita 10 au zaidi hurudi baada ya miaka 3. Zikiwa zaidi ya 10 kwa mara moja, mwongozo wa Marekani humtaka arudi ndani ya mwaka, na hapo huanza kuulizwa kama tatizo ni la kurithi, kwa maana ziko familia ambazo vinyama huota kwa mamia tangu ujana. Mimi ninarudi baada ya miaka 3. Kama ningeendelea kuamini kimya, nisingerudi kabisa, au ningerudi siku ambayo damu ingeanza upya. Na kuna hasara ya upande wa pili ambayo haisemwi: watu wenye vinyama visivyo na hatari yoyote wanaoishi na hofu ya saratani, wanaorudia kamera kila mwaka kwa gharama kubwa, kwa sababu tu hakuna aliyewasomea karatasi yao.

Ndiyo maana zile chupa zilikuwa tatu. Daktari angevitia vinyama vyote katika chupa moja, jibu lingesema kwamba kimojawapo kina vijinywele bila mtu yeyote kujua ni kipi, kilikuwa wapi, na kama ndicho ambacho shina lake lilikatwa safi. Herufi zile A, B na C zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu zilikuwa na uzito mkubwa kuliko nilivyodhani.

Karatasi hiyo ilikuwa na neno la mwisho ambalo halikunihusu mimi. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ninaye mmoja aliyebaki, mdogo wangu, ana miaka 43, ana gereji Unga Limited huko Arusha. Akasema kwamba aliye na mzazi, mtoto au ndugu wa damu aliyepatikana na adenoma kubwa au ya aina kama yangu kabla ya miaka 60, hushauriwa aanze kupimwa akifika miaka 40, hata kama haumwi chochote. Mdogo wangu alikuwa amechelewa miaka mitatu bila kujua.

Nilimpigia jioni ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi sina tatizo lolote. Nanyanyua injini, ninakula loshoro la shemeji yako, nalala. Nikajitafutie ugonjwa wa nini?" Sikubishana naye kwenye simu. Jumamosi nilipanda kosta hadi Arusha, nikamkuta chini ya Noah moja iliyoinuliwa kwa jeki, nikangoja amalize. Mkewe alituletea chai. Nikatoa karatasi yangu nikaiweka juu ya meza, nikamwonyesha milimita 18, nikamwambia, "Mdogo wangu, hiki hakikuniuma hata siku moja. Wewe gari linaloingia gereji yako likiwa linavuja oili, unangoja injini ife ndipo ulifungue?" Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mkewe ndiye aliyesema, "Baba Neema, nenda."

Hakuwa na bima, na mimi nilipimwa kwa bima ya kazini, kwa hiyo tulichangishana ndugu, na hilo nalo lilichukua miezi miwili. Wiki iliyopita nilimsindikiza. Alikuwa amekunywa lita zote nne, na ile ya alfajiri nilimsimamia mwenyewe. Kamera ilikuta kinyama kimoja, milimita 5, upande wa kulia, kikakatwa kwa waya baridi. Alipotolewa akiwa bado na usingizi, sista alitoka na chupa moja ya plastiki na karatasi ya gundi, akaniuliza majina yake. Nilimtajia yote matatu, akaandika, akanisomea, nikaitikia. Kisha nikafungua daftari langu la hesabu ukurasa wa mwisho na kumuuliza, "Sista, jibu la hii chupa litatoka tarehe ngapi, na nimwone nani?" Aliangalia kalenda iliyokuwa ukutani, akahesabu kwa kidole, akanitajia tarehe, dirisha na jina la daktari, na akasubiri mpaka nikamaliza kuandika.